Vazi la Asili Lilikuwa la Nani?

Kila mwaka Maulidi yanapokaribia katika mji wa Lamu, lalamiko moja hurudi barazani pamoja na wageni wa Zanzibar, Ngazija na Tanga: kwamba vijana wetu wameliacha vazi la asili. Wazee hulisema wakiwa wameketi Mkunguni, mbele ya Ngome, huku wakiwatazama vijana wanaopita na suruali za jinzi zinazobana na fulana za timu za mpira za Uingereza. Akina mama hulisema ndani ya nyumba, wakiwalaumu mabinti kwa abaya za Dubai zilizojaa vijiwe vya kumetameta. Nimelisikia lalamiko hilo tangu utotoni, na wakati ule waliolaumiwa walikuwa rika la wazazi wangu, ambao leo ndio walalamikaji wakuu.

Sitaki kuamua kati ya pande hizo. Linalonishughulisha ni swali linalotangulia ugomvi wenyewe: vazi hilo la asili lilikuwa la nani, na tangu lini? Nikifuatilia habari za kanzu, kofia, leso (wengine huiita kanga) na buibui, nakuta kwamba nguo tunazozitaja leo kama urithi wa kila mtu wa Lamu zilikuwa, kwa sehemu kubwa ya watu waliozaliwa na kufia katika visiwa hivi, nguo walizonyimwa. Walizipata baadaye, na walizipata kwa kuzivaa mbele ya macho ya watu ambao hawakuzoea kuwaona nazo. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kanzu ni utambulisho wetu, sikatai, lakini nataka tukumbuke kwamba utambulisho huo ulichukuliwa, na waliouchukua walikuwa na sababu.

Katika karne ya 19, pwani hii ikiwa chini ya masultani wa Zanzibar, mtu alisomwa kwa nguo yake kabla hajafungua kinywa. Mwungwana alivaa kanzu, akatia kofia au kilemba kichwani, na siku ya jambo akaongeza joho au kizibao, jambia kiunoni na bakora mkononi. Mtumwa wa kiume alijifunga shuka ya merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa ambayo merikebu za wafanyabiashara wa Salem, huko Massachusetts, zilianza kuileta kwa wingi katika miaka ya 1830. Mtumwa wa kike alijifunga kaniki, kitambaa cheusi cha pamba, chini ya kwapa, mabega wazi na kichwa wazi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu yalikuwa mambo ya watu huru, na mtumwa aliyethubutu kuyafanya alihesabiwa kuwa amevuka mpaka.

Mwanamke wa kiungwana wa Lamu naye alipotoka nje, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, alitembea ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililoinuliwa kwa miti na kubebwa na wajakazi, ili lisionekane hata umbo lake. Wanahistoria huieleza shiraa kama alama ya heshima, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini kila nikiifikiria huwa nazuiwa na jambo moja dogo: sitara ya mwanamke mmoja ilihitaji wanawake wengine wasiositirika, wakishika miti juani, nyuso zao zikitazamwa na kila mpita njia. Hao wajakazi hawatajwi katika mazungumzo yetu kuhusu vazi la asili, ingawa wengi wetu tumetokana nao.

Nasema «wengi wetu» kwa makusudi. Ukoo wa mama yangu ni wa Langoni, upande wa kusini wa mji, na haukuwa ukoo wa majumba ya mawe ya Mkomani. Katika Lamu mambo haya hayasemwi waziwazi. Mtu huulizwa kabila lake, au mtaa wake, na anayeuliza hujaza mwenyewe yaliyobaki. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuficha. Alikuwa akisimulia kwamba nyanya yake, alipokuwa huru na kupata fedha zake mwenyewe kwa kusuka makuti na kuuza, alinunua doti mbili za leso. Moja aliivaa. Nyingine aliitia kashani na hakuivaa maisha yake yote, ila alikuwa akiitoa mara kwa mara, akiianika ukumbini ili wageni waione, kisha akiirudisha. Bibi alipoulizwa kwa nini nyanya yake hakuivaa, alijibu kwamba nguo ya kuvaa humtosha mtu maskini, lakini mwenye nguo ya akiba huyo si maskini tena. Sijapata maelezo mengine yanayonitosheleza zaidi kuhusu maana ya mali kwa mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mali.

Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani mwaka 1907, miaka 10 baada ya Zanzibar. Sheria hiyo haikumgawia mtu kanzu wala leso. Watu walijigawia wenyewe. Kaniki, iliyokuwa imewashikilia wanawake kama mhuri, ilitupwa au ikabaki kuwa nguo ya kazi za shamba na jikoni, na mahali pake pakachukuliwa na leso zenye rangi. Shiraa ilikosa wabebaji. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 buibui likaenea pwani nzima, likavaliwa na mwana wa mwungwana na mwana wa mjakazi vilevile, na mtu aliyesimama kando ya njia hakuweza tena kutambua kwa urahisi ni nani anayepita. Naamini hilo ndilo lililolipendezesha kwa wengi. Leo wapo wanaolitazama buibui kutoka mbali na kuliona kama kifungo tu, na sitawabishia kuhusu yanayotokea kwingine duniani, lakini hapa kwetu wanawake wa aina ya nyanya yake bibi yangu walilivaa kama watu wanaoingia katika chumba walichokuwa wakikifagia kwa miaka mingi bila kuruhusiwa kuketi.

Wala leso yenyewe haikuwa ya kale kiasi hicho. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa mwambao walipoanza kununua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, vikiwa vimeshikana katika mtungo mmoja, kisha wakakata vipande vitatu vitatu na kuviunganisha ili wapate nguo moja pana ya miraba sita. Wafanyabiashara waliona faida, wakaagiza nguo ya upana huo ikiwa imechapwa tayari, yenye pindo pande zote na mji katikati. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, likaongezwa jina, yale maneno yanayokaa chini ya mji, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa za Kirumi. Katika habari hizo hutajwa sana Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilifunguliwa mwaka 1887 na ambaye leso zake bado tunazitambua kwa maandishi «Mali ya Abdulla». Zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani, na siku hizi India na China. Ni nguo yetu kabisa, na kwa muda mrefu wa maisha yake imekuwa ikishuka kutoka melini.

Haya hayanisumbui. Visiwa hivi vimevaa vitu vya bahari tangu zamani, na pia vimeuza nguo zake: Wareno wa karne za 16 na 17 waliandika kuhusu vitambaa vya hariri vilivyofumwa Pate na kutafutwa katika biashara ya mwambao, na Siyu ilisifika kwa mafundi wake wa ngozi, waliotengeneza makubadhi. Watu wanaoishi kwa jahazi hawawezi kuwa na vazi lisilosafiri. Kwa hiyo yule anayemwambia binti kwamba abaya ya Dubai si yetu kwa sababu imetoka Dubai ajiandae kueleza leso yake mwenyewe ilitoka wapi.

Kwa upande wa wanaume, mabadiliko hayo yana jina la mtu ndani yake. Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija na kuhamia Lamu katika karne ya 19, alikaa Langoni na kuwafundisha dini watu ambao masharifu na waungwana wengi wa wakati huo hawakuwaona kuwa wa kuketi nao darasani: watumwa, watoto wao, na watu waliofanya kazi zilizodharauliwa. Alisoma Maulidi kwa matari, akapingwa, akaendelea. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa karibu na mwaka 1900, ulitokana na kazi hiyo, na alipofariki mwaka 1935 Maulidi ya Lamu yalikwisha kuwa jambo la mji mzima. Ukiwatazama leo wanaume katika ziara ya Maulidi, maelfu ya kanzu nyeupe zikifuatana kuelekea makaburini, ni rahisi kusahau kwamba kuna wakati ambapo sehemu ya watu hao wangeadhibiwa kwa kuvaa hivyo. Mpangilio wa safu umebaki na ukubwa na udogo wake, hilo nalijua, na masharifu hutangulia. Lakini kichwa kilichofunikwa si cha wachache tena.

Sasa nije kwenye kofia, kwa sababu hapo nina mkono wangu mwenyewe.

Kofia inayothaminiwa Lamu ni kofia ya viua, inayoshonwa kwa mkono, na mimi ni mmoja wa wanaoishona. Shangazi yangu alinifundisha, naye alifundishwa na mume wake, kwa maana kwetu kazi hii hufanywa na wanawake majumbani na pia na wanaume barazani. Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa ubavuni, na kila sehemu ni kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili. Mchoraji ni mtu mwingine kabisa. Yeye huchora nakshi, na wachoraji wazuri ni wachache kiasi kwamba mshonaji anaweza kuitambua michoro ya mtu bila kuambiwa. Mshonaji hutoboa kila kiua kwa ncha nyembamba, akiusukuma uzi wa kitambaa pembeni bila kuukata, kisha akakizungushia tundu hilo uzi kwa mishono inayobanana hadi liwe na ukingo mgumu. Matundu hayo, pamoja na kukifanya kitambaa kiwe nakshi, hukiwezesha kichwa kupumua, jambo ambalo mtu hulithamini sana akisali adhuhuri msimu wa kaskazi. Mwishoni sehemu mbili huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili isimame. Kazi nzuri huchukua wiki nyingi, na kwa mtu mwenye watoto na jiko, miezi.

Zipo kofia za mashine, nyingi sana, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na zetu. Mtu wa bara haoni tofauti. Mtu wa Lamu huiona kutoka upande wa pili wa barabara: mshono wa mashine umelala sawa mno, viua vyake vina ukubwa mmoja usio na huruma, na ukingo hulegea baada ya kufuliwa mara chache. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwingine msikitini kwamba kofia yake ni ya mashine, kwani huo ungekuwa utovu wa adabu. Wao hutazama tu, na aliyetazamwa hujua kwamba ametazamwa. Vilevile mwenye kofia ya mkono hasifiwi kwa maneno mengi, huulizwa, kama kwa kupitisha wakati, «Hii kashona nani?», na swali hilo peke yake ni sifa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo ya kawaida kuhusu mtindo. Katika majarida na simu tunaambiwa kwamba nguo ni njia ya mtu kujieleza, kuwaonyesha wengine yeye ni nani kwa ndani, na kwamba anayevaa kama wenzake amejipoteza. Huko Ijumaa mchana katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mambo hayaendi hivyo. Wanaume 50 wanapopita na kanzu nyeupe, mgeni huona sare. Mwenyeji huona watu 50. Huyu kanzu yake ina kishada cha Kiomani, kilichochovywa marashi, na ukoo wake una habari za Maskati. Yule ana kanzu ya kola na vifungo, ya Kisaudia, kwa sababu alisoma Madina au anapenda tudhani hivyo. Wa tatu amebaki na kanzu ya kizamani yenye tarizi shingoni, iliyoshonwa na fundi wa hapa, na kwa kuivaa anatuambia kwamba yeye haendi na upepo. Mmoja amefukiza udi, mwingine hakufukiza. Mmoja kofia yake imekaa wima, mwingine ameilaza kidogo upande, naye ni kijana ambaye hajaoa. Mtindo wetu hukaa katika vitu vidogo vya namna hiyo, ndani ya nguo moja ambayo wote tumekubaliana kuivaa, na humlenga mtu anayejua kusoma. Asiyejua hapotezi chochote, wala hakukusudiwa.

Kwa wanawake jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu nguo ya nje ni nyeusi na ni moja. Tunatambuana kwa mwendo, kwa namna ya kushika ncha ya mtandio, kwa viatu, kwa hina iliyopanda juu ya kisigino, na kwa harufu inayobaki kichochoroni baada ya mtu kupita, ambayo huweza kukwambia nyumba gani imefukiza udi wa bei na nyumba gani imejipulizia manukato ya dukani. Kisha kuna ndani. Harusi ya Lamu, upande wa wanawake, ni mahali ambapo mabuibui huvuliwa mlangoni, na chini yake hutokea rangi ambazo mitaa yetu haijawahi kuziona. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mnamo mwaka 1858, alimuusia habari za pete, hina na manukato kwa uangalifu uleule aliotumia kumuusia habari za dini, na anayedhani kwamba mapambo ni jambo dogo katika utamaduni huu hajamsikiliza vizuri. Mapambo hayo yalikuwa na mahali pake na watu wake, na mpaka leo mwanamke wa hapa anaweza kutumia fedha nyingi kwa nguo itakayoonwa kwa saa tatu na wanawake wenzake tu.

Kuhusu sare za harusi nina malalamiko yangu. Familia huchagua kitambaa kimoja au leso moja, na kila ndugu, jirani na rafiki hutakiwa anunue. Zamani ilikuwa doti moja ya leso. Siku hizi kuna sare ya siku ya kupaka hina, sare ya siku ya kutoa biharusi nje na sare ya siku ya chakula, na asiyenazo huonekana kuwa hakupenda harusi. Nimeona mama mwenye watoto watatu shuleni akikopa ili asionekane na dera la kawaida katikati ya wenzake waliovaa sare. Kama nguo ni njia ya kusema «mimi ni wenu», basi imekuwa njia ya bei ghali, na sioni kwa nini wenye harusi wasipunguze.

Leso bado inasema, hata hivyo, kwa lugha isiyohitaji sauti. Nilipoolewa, wifi yangu mmoja aliniletea zawadi ya doti yenye jina «Hasidi hana sababu». Niliishukuru zawadi, nikaivaa siku alipokuja tena kututembelea, na tukanywa chai vizuri. Hadi leo sijui kama alinisema mimi au aliwasema watu wengine waliokuwa wakitusema sote wawili, na ndio uzuri wa leso: aliyeitoa anaweza kukana, aliyeipokea anaweza kujifanya hakusoma, na ujumbe ukawa umefika.

Nguo husema pia wakati mtu hana hamu ya kusema. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo huacha mapambo, hina, manukato na rangi. Watu huingia nyumbani wakamwona, wakajua sauti waitumie kiasi gani. Mama yangu alipokaa eda, lililomwelemea halikuwa kukosa mapambo, bali siku ilipomalizika, akalazimika kuchagua nguo. Alisimama mbele ya kabati kwa muda, kisha akaniomba nimchagulie mimi.

Mambo hubadilika mtu anapovuka kwenda Mokowe na kupanda basi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata katika kaunti yetu, barabara ya Witu na Garsen ikawa na vizuizi vingi vya ukaguzi, na nguo zilezile zilizokuwa alama ya heshima mjini zikawa sababu ya kuulizwa maswali njiani. Kaka yangu alizoea kusafiri na kanzu. Akaacha. Alikuwa akivaa suruali na shati mpaka Mombasa, kanzu ikiwa imekunjwa mfukoni pamoja na kofia iliyotiwa ndani ya bakuli la plastiki isipondeke, na akifika tu kwa ndugu zetu alikuwa akienda msalani kubadilisha. Alifanya hivyo bila kulalamika, kama mtu anayechukua mwavuli. Mimi nililalamika kwa niaba yake. Kofia ambayo babu zake wa upande mmoja walinyimwa na mabwana zao, yeye anaivua kwa hiari ili asicheleweshwe barabarani, na sijui ni nani wa kumshtaki kwa hilo.

Nchi yenyewe haijaamua nguo ni jambo la nani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare yao. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, na suala likarudi mikononi mwa shule. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa akapiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Nilicheka niliposikia. Hiyo ni nguo ambayo viongozi wa Afrika huru waliivaa ili wasifungwe tai ya mkoloni shingoni, nayo sasa ikaambiwa kwamba haina adabu ya kutosha mbele ya tai. Tukitafuta mfano wa vazi la ukombozi kufukuzwa na vazi la rasmi, hatuna haja ya kwenda mbali.

Na wageni? Wao huja Shela, kijiji jirani na mji wetu, hununua kikoi siku ya kwanza, na siku ya tatu wamekifunga shingoni, kiunoni, kichwani, hata begani mwa mbwa. Hilo halinikeri, kwani kikoi ni nguo ya nyumbani na ya baharini, nguo ya kustarehe, na mtu aliye likizoni amekielewa vizuri. Lililonikera ni habari ya miaka ya 2006 hadi 2008, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba isajiliwe neno hilo kuwa alama yake ya biashara, mpaka ikapingwa na Wakenya na marafiki zao na ikaachana na ombi hilo. Kuvaa nguo ya jirani ni kitu kimoja. Kumwambia jirani kwamba jina la nguo yake sasa lina mwenyewe ni kitu kingine, na mababu zetu wa kaniki wangeitambua tabia hiyo mara moja.

Vijana waliobaki wakisemwa barazani, nikiwatazama vizuri, sioni kwamba wameacha kila kitu. Yupo mpwa wangu anayefanya kazi upande wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Asubuhi hutoka na buti, kofia ngumu ya plastiki na kizibao cha rangi ya kuwaka. Ijumaa huvaa kanzu. Jioni nyingine huvaa jinzi, na juu ya jinzi hiyo hutia kofia ya viua niliyomshonea mimi, ameilaza upande. Mjomba wake humwambia kwamba kofia na jinzi haviendi pamoja. Yeye hujibu kwa heshima kwamba atazingatia, na kesho yake hutoka vilevile. Mimi sina la kumwambia isipokuwa asikae juu ya kofia.

Binti yangu naye anataka abaya yenye vijiwe kwa ajili ya Maulidi yajayo. Alipomwonyesha bibi yake picha kwenye simu, mama yangu aliishika mbali na macho, akaipanua kwa vidole viwili, akasema kwamba hilo si buibui, ni taa ya harusi. Nilimkumbusha kwamba yeye alipokuwa msichana aliacha buibui la kamba, lile la kufungwa kichwani, akashonesha la kisasa lenye mikono, na bibi yangu akamwambia maneno yanayofanana na hayo.

«Kweli,» mama akasema. «Lakini mimi nililipa mwenyewe.»

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba binti atashona kofia moja, nitakayomsimamia mimi na atakayochorewa na mchoraji wetu wa siku zote, na itakapouzwa ndipo itakapoagizwa abaya. Ameshamaliza ukanda wa ubavuni. Viua vyake vya mwanzo ni vikubwa kuliko vya mwisho, na nimemwambia afumue safu mbili.